Mofini Wodini, Methadoni Kliniki: Namna ya Kuwafundisha Pamoja Wanafunzi wa Fani Mbalimbali za Afya

Mwongozo huu ni wa mkufunzi, msimamizi wa mafunzo ya vitendo au kiongozi wa wanafunzi anayetaka kuandaa mafunzo ya pamoja kuhusu dawa za jamii ya afyuni, yaani opioidi: mofini, kodeini, pethidini, tramadoli, fentanili, methadoni, pamoja na heroini inayouzwa mtaani. Nimezitazama zaidi hospitali za Tanzania, hasa za Dar es Salaam, lakini mwenzangu wa Mombasa au Malindi atabadilisha majina ya vituo tu na mengine yatamfaa.

Vyuo vyetu vinazifundisha dawa hizi, tena vizuri. Mwanafunzi wa famasia anajua zinavyofanya kazi kwenye ubongo, wa udaktari anajua dozi, wa uuguzi anajua kuzitoa na kuziandikia, wa ustawi wa jamii anaijua familia ya mgonjwa. Lakini kila mmoja kafundishwa kwenye darasa lake, na mgonjwa huumia pale mmoja anapomwachia mwenzake. Dawa imeandikwa, haikutolewa. Imetolewa, lakini nyumbani hakuna aliyeelezwa namna ya kuipima. Kwa hiyo lengo hapa ni moja: mwanafunzi ajue kinachoipata dawa kabla haijamfikia, na kinachoipata ikishatoka mikononi mwake.

Na tahadhari kabla ya hatua ya kwanza. Usipakue mtaala wa Marekani ukaufundisha ulivyo. Kule, dawa za maumivu ziliandikwa ovyo kwa miaka mingi, ikafuata heroini, kisha fentanili. Mwaka 2021 waliokufa kwa kuzidisha dozi za dawa walipita 100,000. Ni haki yao kuwafundisha wanafunzi wao kupunguza mkono. Kwetu, mwanafunzi aliyemeza somo hilo bila kutafuna ataenda kumnyima mofini mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za opioidi zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kiwango cha mofini, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Sisi tuna matatizo mawili yanayoishi nyumba moja: mgonjwa anayeihitaji mofini na haipati, na kijana wa mtaani aliyezama kwenye unga, yaani heroini. Mafunzo yanayogusa moja tu ni nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Kusanya watu, na uwapange kabla hawajajipanga wenyewe

Wanafunzi 24 hadi 30 wanatosha. Wagawe katika vikundi vya watano au sita, kila kikundi kiwe na angalau mmoja wa udaktari, mmoja wa uuguzi, mmoja wa famasia na mmoja wa ustawi wa jamii. Ukiweza kuwapata wanafunzi wa utabibu, wachukue. Kwenye hospitali nyingi za wilaya na vituo vya afya tabibu ndiye anayeandika dawa, na ni jambo la ajabu kwamba mafunzo ya namna hii humsahau. Chagua walio karibu na kumaliza, ambao wameshakaa wodini. Wa mwaka wa kwanza hawana la kusimulia.

Ugumu uko kwenye ratiba. Pale Muhimbili wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia wako eneo moja, ila wa ustawi wa jamii wako kwenye taasisi yao Kijitonyama. Barua ya kuwaomba iende mapema, na nauli iwemo kwenye bajeti. Ukisema "watakuja tu", hawatakuja, na kikundi kisicho na mtu wa ustawi wa jamii kitageuka darasa la famakolojia.

Halafu kuna suala la vyeo. Hospitalini kwetu daktari ni "Dokta", muuguzi ni "Sista" au "Braza", na mfamasia mara nyingi ni "yule wa dirishani". Vyeo hivyo vinaingia na wanafunzi darasani hata kabla hawajavipata. Siku ya kwanza weka kanuni mbili: wote waitane majina, na mwenyekiti wa kikundi asiwe mwanafunzi wa udaktari. Atalalamika kidogo. Mwache.

Hatua ya 2: Somo fupi la wote, dakika 40

Usizidishe. Eleza kwamba mofini na kodeini hutoka kwenye mmea wa afyuni, heroini hutengenezwa kutokana na mofini, na nyingine kama pethidini, fentanili, tramadoli na methadoni hutengenezwa maabara. Zote hupunguza maumivu, zote huleta choo kigumu, na zote zikizidi hupunguza kasi ya kupumua hadi mtu afe. Tramadoli ina la ziada: ikizidi inaweza kuleta degedege, kwa hiyo kijana anayeletwa mapokezi akitetemeka si lazima awe na kifafa.

Tumia dakika kumi nzima kutenganisha mambo matatu ambayo hata wahudumu wazoefu huyachanganya. Mwili kuzoea dawa ni kuhitaji dozi kubwa zaidi ili kupata nafuu ileile. Mwili kuitegemea ni kupata dalili mbaya ikikatwa ghafla, zile ambazo mtaani huitwa arosto. Uraibu ni kuendelea kuitafuta dawa ingawa inaharibu maisha. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini miezi mitatu anaweza kuwa na mawili ya kwanza bila kuwa na la tatu. Asiyejua tofauti hiyo humwambia ndugu wa mgonjwa, "Tutamfanya teja," na ndugu anaimwaga chupa.

Malizia na sheria, kwa ufupi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unatamka pande zote mbili: dawa hizi zidhibitiwe, na zipatikane kwa matibabu. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Waganda walikwenda mbali zaidi: tangu 2004 wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mgonjwa mahututi maumivu na mateso) wanaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa. Waulize wanafunzi wafikirie lingekuwaje hapa. Mjadala hautakwisha, kwa hiyo kata baada ya dakika tano.

Hatua ya 3: Fuata chupa

Hii ndiyo roho ya mafunzo. Ipe nusu siku, na usiifanyie darasani.

Kila kikundi kinafuata safari ya chupa moja ya mofini ya maji, kuanzia kalamu ya anayeandika hadi mdomo wa mgonjwa. Vituo ni vitano: meza ya daktari, famasi inakochanganywa au kutolewa, kabati la DDA wodini (linalofungiwa dawa zinazodhibitiwa kisheria), kitanda, na nyumbani. Nyumbani hamwendi, mnazungumza na ndugu anayemuuguza mgonjwa, kwa ridhaa yake na ya mgonjwa. Sharti ni kwamba mwanafunzi asisimame kwenye kituo cha fani yake. Wa udaktari akae famasi. Wa famasia akae kando ya kitanda. Wa uuguzi amsikilize ndugu. Wa ustawi wa jamii asimame kwenye kabati la DDA aangalie ufunguo unavyotafutwa. Hakuna mwanafunzi anayeshika ufunguo wala dawa. Wanaangalia na kuandika.

Wape maswali ya kwenda nayo.

Kwa aliyeko famasi: cheti kimeandikwaje? Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Iliyo na mg 1 kwa kila ml na iliyo na mg 10 kwa kila ml zinaweza kukaa kwenye chupa zinazofanana. Cheti kinachosema "ml 5" bila kutaja nguvu kinaweza kumpa mtu mg 5 au mg 50. Waganda hutia rangi ili kutofautisha, ya kijani ikiwa ile nyepesi. Hapo famasi mwanafunzi aulize: sisi tunatofautishaje? Lebo inasomeka? Imeandikwa Kiswahili?

Kwa aliye kitandani: dozi ilitakiwa saa ngapi, ikatolewa saa ngapi? Mofini ya kunywa hufanya kazi kwa takribani saa nne. Inatolewa kila baada ya saa nne kwa saa, mgonjwa akilia asilie, na ya usiku inaweza kuongezwa maradufu ili alale. Pakiandikwa "apewe akihitaji" peke yake, maana yake kwa vitendo ni kwamba mgonjwa atalia kwanza, ndugu atamtafuta muuguzi, muuguzi atatafuta ufunguo, na maumivu yatakuwa yameshapanda. Mwanafunzi ahesabu dakika kati ya mgonjwa kuomba na kumeza. Namba hiyo ndiyo atakayoikumbuka hata baada ya kusahau mchoro wa kipokezi, pale dawa inapojishikiza kwenye ubongo.

Kwa aliyeko kwenye kabati: nani ana ufunguo, nani anasaini naye kwenye kitabu cha DDA, na ikiwa zamu ina muuguzi mmoja inakuwaje? Kufuli mbili na saini mbili zina sababu, na mwanafunzi aieleze sababu hiyo kwa heshima kabla ya kulaumu ucheleweshaji. Kusema "wauguzi wanachelewesha" ni rahisi sana kwa mtu ambaye hajawahi kusimama na kitabu kisicholingana na chupa.

Kwa anayezungumza na ndugu: chupa itakaa wapi nyumbani? Nani atapima, kwa kutumia nini? Kijiko cha chai hakiaminiki. Bomba la sindano lisilo na sindano ndilo kipimo. Nani mwingine anaishi humo? Na wao wanaionaje mofini? Utasikia mara kwa mara kwamba ni dawa ya kufia. Hofu hiyo haiondolewi na takwimu. Inaondolewa na mtu mtulivu anayeeleza kwamba dozi ya kuanzia ni ndogo, mara nyingi mg 2.5 hadi 5 kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia, na kwamba wapo wanaoinywa na kuendelea kupika na kwenda kanisani au msikitini.

Jioni vikundi vinarudi na kuchora safari nzima kwenye karatasi kubwa. Kila pahali dawa iliposimama, alama nyekundu. Katika alama hizo, waulize mbili tu: dawa ya kulainisha choo iliandikwa? Na figo za mgonjwa zilipimwa? Mwili huzoea kichefuchefu baada ya siku chache, ila choo kigumu hauzoei, kwa hiyo mofini bila dawa ya kulainisha choo ni cheti ambacho hakijakamilika. Figo zikishindwa, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini na mgonjwa husinzia kupita kiasi. La kwanza ni la mfamasia na muuguzi kulikamata, la pili ni la daktari, lakini mtu wa kwanza kuuona usingizi usio wa kawaida ni ndugu. Je, kuna aliyemwambia auangalie?

Hatua ya 4: Kisa cha bahasha

Sasa upande wa pili: methadoni, wanayopewa waraibu wa heroini ili waache unga bila arosto. Kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilifunguliwa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Mgonjwa kwa kawaida hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Wanafunzi wengi wamewapita wagonjwa hawa getini bila kujua wamefuata nini.

Andaa kisa kimoja na ukigawe katika bahasha nne, kila fani na yake. Hairuhusiwi kuonyeshana karatasi; wanaruhusiwa kuzungumza tu.

Bahasha ya udaktari: mwanamume wa miaka 29, anaishi na VVU, ameanza dawa za kifua kikuu siku tisa zilizopita baada ya kipimo cha GeneXpert kuonyesha ana TB. Bahasha ya uuguzi: tangu juzi anapiga miayo, mafua yanamtoka, vinyweleo vimesimama, anaharisha, halali. Bahasha ya famasia: anakunywa TLD (dawa za VVU zenye dolutegraviri) na methadoni mg 80, rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB huchochea ini livunje methadoni haraka, na pia hushusha dolutegraviri. Bahasha ya ustawi wa jamii: mama yake anasema hajalala nje hata siku moja, hajakosa kliniki, ila jana alimwambia, "Mama, nina arosto, nitarudi maskani," yaani kijiwe cha unga.

Asiyesikiliza wenzake atahitimisha haraka. Wa udaktari atasema ni madhara ya dawa za TB au kijana karudia unga. Ukweli uko katikati ya bahasha zote: methadoni imeshuka kwenye damu. Inatakiwa kuwasiliana na kliniki leo, dozi ipandishwe kidogo kidogo huku moyo ukipimwa kwa ECG (mashine inayochora mapigo ya moyo), na dolutegraviri iwe mg 50 mara mbili kwa siku wakati wote wa rifampisini. Kumfokea ni kumsukuma arudi maskani.

Vikundi vingi vitafika hapo na kupiga makofi. Wazuie, uwape swali la mwisho. Dawa za TB zitaisha baada ya miezi sita. Rifampisini ikiondoka, ini litatulia na methadoni itapanda yenyewe. Dozi iliyokuwa salama itakuwa kubwa mno. Nani atakumbuka? Kliniki ya TB iko jengo moja, ya methadoni jengo jingine, na mafaili hayaonani. Kikundi kiandike mhusika, tarehe na namna ya kuwasiliana. Jibu la "timu itafuatilia" lipewe sifuri.

Muda ukibaki, ongeza kisa kidogo: mgonjwa wa methadoni kavunjika mguu kwa ajali ya bodaboda. Wengi watasema asipewe kitu kwa sababu "tayari anatumia". Methadoni ya mara moja kwa siku inazuia arosto; haitoshi kwa mfupa uliovunjika. Aendelee nayo, na apewe dawa ya maumivu juu yake. Asipewe pentazosini, dawa nyingine ya maumivu, maana itamtupa kwenye arosto palepale.

Hatua ya 5: Zoezi la aliyezidisha dozi

Dakika 15 kwa kila kikundi, na mwanasesere wa mafunzo. Dalili ni tatu: haamki, anapumua kwa shida au pumzi chache sana, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini. Mpangilio: ita msaada, fungua njia ya hewa, msaidie kupumua, kisha naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya opioidi, mg 0.4 kwenye msuli au mshipa, urudie baada ya dakika mbili au tatu asipoitikia.

Kosa utakaloliona kila mara ni watu watatu kukimbilia kuvunja ampuli huku hakuna anayempumulisha mgonjwa. Anayekufa hapo anakufa kwa kukosa hewa. Mpe mwanafunzi wa ustawi wa jamii kazi ya kupumulisha, kwa makusudi: ajali hizi hutokea maskani na vyooni, na yeye au mwelimisha rika anaweza kufika kabla ya ambulensi. Wa uuguzi ashike saa na kutoa amri. Wa famasia, kabla zoezi halijaanza, aende wodi halisi aangalie kama naloksoni ipo kwenye troli ya dharura na kama haijapitwa na muda.

Mambo mawili ya kusisitiza. Naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90 wakati methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku, kwa hiyo aliyeamka anaweza kuzama tena. Asiruhusiwe kwenda nyumbani eti kwa sababu ameamka na kuomba maji. Na kwa mgonjwa wa saratani aliyezidiwa na mofini, changanya mg 0.4 kwenye ml 10 za maji ya chumvi na umpe ml moja moja mpaka pumzi irudi. Ukimpa yote kwa pamoja maumivu yake yote yatarudi kwa mpigo.

Hatua ya 6: Kukabidhiana

Fupi. Wafundishe mistari minne: hali ilivyo sasa, historia, ninavyoona mimi, ninachoomba. Mpangilio huu ulianzia kwa wanamaji wa Marekani kwenye nyambizi, ukahamia hospitali. Kila mwanafunzi ampigie mwenzake wa fani nyingine simu ya kuigiza kwa sekunde 60, na mstari wa nne lazima uwe ombi la wazi. Kisha aseme hayohayo kwa Kiswahili kwa mtu anayeigiza mama wa mgonjwa. Mafaili yetu ni ya Kiingereza na wagonjwa wetu ni wa Kiswahili, na wapo wanafunzi wanaokwama hapo kabisa.

Hatua ya 7: Kwenda kliniki ya methadoni

Omba kibali mapema, peleka watu watano au sita kwa zamu, bila makoti meupe kama kliniki itakubali. Hakuna picha. Wagonjwa si maonyesho. Wengi wameshatazamwa vya kutosha. Kuliko kuwahoji waliopanga foleni, mwombe mwelimisha rika wa kliniki azungumze na kikundi, na mlipe kama unavyomlipa mhadhiri mgeni. Mwache aeleze gharama ya kuja kila siku: dawa ni bure, daladala si bure, na mwajiri hapendi mtu anayechelewa kila asubuhi.

Hatua ya 8: Kupima kama imefaa

Mtihani wa kuchagua jibu utakuonyesha kumbukumbu tu. Weka kisa kipya cha bahasha, kikundi kipate alama moja ya pamoja, na kila mwanafunzi aandike peke yake kazi ya fani isiyo yake katika kisa hicho.

Kisha, kwa msaada wa mfamasia wa hospitali na kwa kibali, hesabu vyeti vya mofini vya mwezi mmoja kabla ya mafunzo na mwezi mmoja baada yake katika wodi walizopangiwa wanafunzi. Angalia vingapi vimetaja nguvu ya dawa, vingapi vina saa maalumu, na vingapi vina dawa ya kulainisha choo. Majina ya wagonjwa na ya walioandika yasiondoke famasi. Matokeo uwapelekee kwanza wauguzi wakuu wa wodi hizo, ndipo uongozi wa chuo. Wauguzi hao ndio watakaoamua kama mwakani utapokewa tena.